Fukua Kwanza, Kata Baadaye

Kila Desemba, mvua za kwanza zikishanyesha, kuna habari njema inayosikika katika nyua nyingi za Singida, kuanzia mjini hadi Kiomboi na Manyoni: mche uliodhaniwa umekufa umefufuka. Ulipandwa mwaka uliopita, ukakutana na kiangazi kirefu na upepo wetu mkavu, ukanyauka kutoka juu kushuka chini mpaka mwenye nyumba akakata tamaa. Sasa karibu na ardhi pametoka vichipukizi vitatu au vinne, vinene, vya kijani kibichi, vinavyopanda kwa kasi ambayo mche wenyewe haukuwahi kuwa nayo. Vinamwagiliwa, vinawekewa samadi, vinazungushiwa miiba ili mbuzi wasivifikie. Miaka inapita, na siku ya kuzaa ikifika, mchungwa ule unatoa malimao, au mwembe ulionunuliwa kwa jina la Kent unaangusha embe dogo lililojaa nyuzi.

Watu wengi humlaumu muuza miche. Mara nyingi hana kosa. Mti ulionunuliwa ulikufa kweli wakati wa kiangazi, na kilichoota Desemba ni mti mwingine uliokuwa chini yake tangu kitaluni. Mche wa kubebesha ni miti miwili: chini ni mche uliooteshwa kwa mbegu na kuchaguliwa kwa ajili ya mizizi yake, juu ni kikonyo kilichokatwa kwenye mti unaojulikana kwa matunda yake. Kwa machungwa ya Tanzania, yakiwemo ya Muheza mkoani Tanga, mti wa chini uliozoeleka ni mlimao ule wa matunda yenye ngozi nene na vinundu, kwa kuwa mizizi yake huenda mbali na huvumilia kichanga na ukame. Sifa hiyo inatufaa sana sisi tunaopata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, usiotoa zaidi ya milimita 500 hadi 800 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya mkoa. Lakini mti wa chini wenye nguvu hivyo haupotezi uhai wake kwa kubebeshwa. Una macho yake yaliyolala ndani ya gome, na ukipata nafasi hutoa matawi yake mwenyewe. Hayo ndiyo maotea.

Nafasi hiyo hupatikana hivi. Ncha ya kila tawi linalokua hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka kwenye shina na kuyazuia macho ya chini yasiamke. Mizizi nayo hupandisha homoni nyingine, saitokinini, inayoyachochea macho kuchipua. Ncha zikiwa nyingi na zenye afya, macho ya chini hulala. Zikikauka, zikiliwa au zikikatwa kwa wingi, kizuizi huondoka, huku mizizi ikiwa bado na akiba yake yote ya wanga. Mizizi ya mti mzima basi inalisha vijiti vitatu, na kwa sababu hiyo maotea hukua kwa pupa. Kwa hiyo otea lolote linatoa taarifa ya jambo lililotokea juu ya mti au ardhini. Anayelikata bila kutafuta jambo hilo ni lipi atalikata tena mwezi ujao, na ule unaofuata.

Kwa Singida sababu ya kwanza ni mbuzi. Mkoa huu ni wa mifugo, na baada ya mavuno wanyama huachiwa wazurure mashambani na majumbani. Mbuzi akiingia uani hula kikonyo chote mpaka chini ya kiungo, yaani pale miti miwili iliposhikana. Akiacha hata majani machache ya kikonyo, mche una nafasi ya kurudi kuwa ulivyokuwa. Akila mpaka chini ya kiungo, hakuna maji wala samadi itakayourudisha mchungwa. Kilichobaki ni mlimao. Sababu ya pili ni kiangazi chenyewe, kwani kikonyo kichanga hukauka kabla ya mizizi, hasa upande unaopigwa na upepo. Ya tatu ni jembe. Tunapenda kupalilia karibu kabisa na shina, ardhi ibaki safi na nyekundu, na kila mzizi wa juujuu unaojeruhiwa na jembe unaweza kuchipua pale pale kwenye jeraha. Mpera na mwarobaini ni mabingwa wa jambo hili. Weka matandazo ya nyasi kavu au maganda ya alizeti, ambayo hatuna upungufu nayo, uyaache wazi kiasi cha kiganja kutoka kwenye shina, na palizi ya jembe haitahitajika hapo.

Kuna sababu nyingine ambayo haitajwi vya kutosha, nayo ni utepe wa plastiki uliofungwa kwenye kiungo kitaluni. Mche unapandwa na utepe wake, hakuna anayeuondoa, shina linanenepa na utepe unakaba. Chakula kinachotoka kwenye majani hakishuki vizuri, oksini nayo haifiki sehemu ya chini, na macho yaliyo chini ya utepe yanaamka. Nimeona miche ya maembe yenye maotea mengi ambayo dawa yake ilikuwa wembe tu wa kukata utepe. Kabla hujalipia mche, uguse kiungo kwa vidole. Kama utepe umeanza kuzama kwenye gome, chukua mwingine.

Sasa tuje kwenye kutambua, ambako ndiko makosa mengi yanafanyika. Usiamue kwa kutazama ukiwa umesimama. Piga magoti, ondoa udongo kwa mkono au kijiti mpaka uone mahali kichipukizi kinapoanzia. Kuna majibu manne, na kila moja lina hukumu yake.

Kikianzia juu ya kiungo, ni tawi la kikonyo. Ni mali yako. Kikianzia chini ya kiungo, kwenye shina, ni cha mti wa chini. Kikitoka ardhini hatua moja au mbili kutoka kwenye shina, fukua zaidi: ukikuta kimeshikana na mzizi mlalo unaoelekea mtini, ni otea la mizizi. Lakini ukikuta kina mzizi wake mmoja unaoshuka wima, na kinang'oka chote bila kushikwa na chochote, basi huo ni mche ulioota kwa mbegu ya tunda lililoanguka. Huo una maisha yake, waweza kuuhamishia kwenye mfuko na kuutumia baadaye.

Kiungo chenyewe hutambulika kwa uvimbe mdogo, kona, au mahali ambapo rangi na mikunjo ya gome inabadilika ghafla. Katika miche mingi kipo kiasi cha sentimita 15 hadi 30 juu ya udongo wa mfuko. Waliopanda kwa kina kirefu, wakidhani mche utapata unyevu zaidi, wamekifukia na kujinyima alama. Kwa michungwa na michenza kosa hilo lina adhabu ya ziada, maana gome la kikonyo likikaa ndani ya udongo wenye unyevu hushambuliwa na ugonjwa wa kuoza shina na kutoa utomvu.

Majani husaidia pale miti miwili inapotofautiana. Kwenye mchungwa, vichipukizi vya mlimao huwa na miiba mingi midogo, ncha changa zenye rangi ya zambarau, na jani likifikichwa hutoa harufu kali ya limao. Kwenye mwembe kazi ni ngumu, kwa kuwa chini ni mwembe na juu ni mwembe. Angalia rangi ya majani machanga yanapochipua kwa wakati mmoja: aina moja hutoa majani ya shaba iliyokolea, nyingine ya kijani hafifu. Fikicha jani la juu kwa mkono mmoja na la otea kwa mkono mwingine, unuse yote mawili. Harufu ya miembe hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo, kwa mwembe mahali panapochipua ndipo penye ushahidi wa kutegemea. Majani ni nyongeza.

Mikomamanga, mitini na mipera iliyooteshwa kwa kipande cha tawi au kwa mbegu haina mti wa pili ndani yake. Maotea yake ni mti ule ule. Swali linalobaki ni la umbo na maji: je, unataka kichaka cha mashina kumi yanayogawana ndoo moja, au mashina matatu yanayozaa? Kwa mkomamanga mimi huacha matatu au manne.

Ukishajua, ondoa mapema. Otea lenye urefu wa kidole huvuliwa kwa dole gumba na halina jeraha la kuzungumzia. Pita kwenye miche kila baada ya wiki mbili katika msimu wa mvua na kazi itakuwa ya dakika. Likishafika urefu wa mkono, lishike karibu kabisa na chimbuko, livute chini na pembeni kwa mkupuo mmoja ling'oke pamoja na kisigino chake. Hapa ndipo panga linapotuangusha. Chini ya kila otea kuna duara la macho madogo; panga hukata juu yake na kuyaacha yote hai, na otea moja likirudi linakuwa matano. Ukilazimika kukata kwa sababu limekomaa na kuwa gumu, fukua mpaka kwenye chimbuko, tumia kisu kikali au mkasi wa kupogolea, ukate sambamba na gome bila kuacha kisiki, kisha uchonge macho yaliyobaki. Acha jeraha likauke siku mbili kabla ya kurudisha udongo. Mkasi uupitishe kwenye spiriti au moto unapotoka mti mmoja kwenda mwingine.

Dawa ya kuua magugu usiisogeze hapo. Glaifoseti hunyonywa na majani na kusafiri hadi mizizini. Otea na mti wako vinatumia mizizi ile ile. Majani ya mchungwa yatakapoanza kuwa membamba na ya njano, hutakuwa na la kufanya. Chumvi na oili chafu, ambavyo watu humwaga wakishachoka, huharibu udongo kwa muda mrefu kuliko umri wa tatizo.

Juu ya kiungo napo kuna machipukizi ya wima, yanayoota ndani ya mti kwenye matawi manene, hasa baada ya mti kupogolewa kwa nguvu mno. Haya si adui kwa asili yake, na moja lililo mahali pazuri linaweza kuziba pengo la tawi lililovunjika. Kwa mkorosho, hata hivyo, ningewaomba wakulima wa Manyoni, ambako mikorosho imepandwa kwa wingi katika mashamba ya pamoja ya Masigati, wayatazame kwa jicho la pekee. Kuvu wa ubwiriunga hupenda majani machanga yaliyo kivulini. Nje ya msimu wa maua hujihifadhi kwenye machipukizi hayo ya ndani, na maua yakifunguka yuko tayari hatua chache tu. Wakulima wa Mtwara na Lindi, kwa msaada wa watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, wamelijua hili kwa miaka mingi na kwa gharama kubwa. Singida inaanza upya na mikorosho michanga; kuyaondoa machipukizi hayo kabla ya msimu wa maua ni rahisi kuliko kununua salfa na kukodi bomba la kupulizia.

Kuna wakati unataka mti wote uondoke: mwarobaini unaoinua sakafu, mjohoro unaotambaa kuelekea tangi la maji. Mjohoro ukikatwa huchipua kutoka kisikini. Mwarobaini huongeza na maotea ya mizizi hadi kwa jirani. Chagua wakati. Miti mingi ya kwetu hutoa majani mapya Septemba na Oktoba, kabla hata ya mvua, kwa kutumia akiba iliyo mizizini. Majani hayo yakishakunjuka tu, akiba iko chini kabisa na bado haijarejeshwa. Kata wakati huo, kisha bandua gome la kisiki chote kushuka hadi chini ya usawa wa ardhi, kwa kuwa macho yako chini ya gome na bila gome hayana pa kutokea. Yatakayotokea mizizini yavue kila yanapofika urefu wa kiganja, usiyaache yakapata majani ya kutosha kurudisha wanga. Ukikata Juni, mti ukiwa umelala na akiba yake imejaa, utavuna kichaka.

Nimeeleza yote haya kuhusu kuondoa, na sasa ninasema kinyume chake, kwa sababu katika mkoa huu kosa kubwa zaidi liko upande wa pili. Uani tunayalea maotea ya mti wa chini kwa samadi na maji ya kubeba kichwani. Shambani, kwenye mashamba ya alizeti na mtama, tunafyeka kila mwaka maotea ya miti ya asili ambayo mizizi yake imekaa ardhini miongo mingi, kisha tunaomba miche ya bure ipandwe mahali pale pale, ikauke Agosti. Miti ya miombo hurudi zaidi kwa visiki na mizizi kuliko kwa mbegu, na vichaka vya Itigi navyo hurudi kwa namna hiyo. Mninga ndio mfano ulio wazi kuliko yote: mche wake hufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa chini, mpaka mwaka mmoja unapata nguvu ya kuinua shina moja lisilokufa tena. Anayekata kijiti hicho akidhani ni gugu ameiua kazi ya miaka hiyo yote.

Historia ya jirani zetu wa Shinyanga inaonyesha nguvu hiyo kwa pande zote mbili. Katika miaka ya 1920 na 1930 utawala wa Tanganyika uliendesha huko kampeni ya kufyeka mapori ili kuwafukuza mbung'o, chini ya C. F. M. Swynnerton. Tatizo lililowasumbua wafyekaji lilikuwa lile lile la mwenye ua: pori lililofyekwa mara moja lilirudi kutoka kwenye visiki, ikabidi lifyekwe tena na tena. Ufyekaji, mashamba na mifugo vilipoendelea kwa miongo, miti ilishindwa, na Shinyanga ikaja kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Kazi yake kubwa haikuwa kuchimba mashimo ya miche. Watu walirudia ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho msimu wa mvua, na visiki vilivyokuwa vimelala ardhini vikaachwa vipumue. Mpaka mradi unakwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa uoto.

Niger ilipita njia hiyo kuanzia 1983, pale Mwaustralia Tony Rinaudo alipogundua kuwa vichaka alivyokuwa akivipita jangwani ni maotea ya miti iliyokatwa zamani; leo eneo lililofufuliwa huko linakadiriwa kuzidi hekta milioni 5. Kwa majirani zetu wa Dodoma kazi hiyo inaitwa Kisiki Hai, iliyoanzishwa mwaka 2018 na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi. Mkulima huchagua kisiki chenye machipukizi, huacha machache yaliyonyooka na yenye nguvu, hupogoa mengine na matawi ya chini, hufunga kitambaa kiwe alama ili mwenye trekta na mchungaji wakione, kisha hukilinda. Kisu kinachotumika ni kile kile cha uani, na jicho linalohitajika ni lile lile la kuuliza kichipukizi hiki kinatoka kwenye mzizi wa nani.

Na yule mwenye mchungwa uliogeuka mlimao? Asiung'oe. Ana mti wenye mizizi ambayo imeshapita viangazi kadhaa, kitu ambacho hakuna kitalu kinachoweza kumuuzia. Achague maotea mawili yenye unene wa penseli, yaliyonyooka, yaliyo pande mbili za shina, avue mengine yote. Mvua zikishakolea na gome likiwa linabanduka kwa urahisi, abebeshe jicho la mchungwa kutoka kwenye mti wa jirani anaoufahamu, wenye afya na uliokwisha kuzaa, kwenye kila otea. Kwa mwembe achukue kikonyo cha ncha chenye urefu wa kiganja, kilichotolewa majani wiki moja kabla ili macho yavimbe, akichonge kama kabari na kukichomeka kwenye otea lililopasuliwa, kisha akifunge na kukivika mfuko mwembamba wa plastiki kivulini. Afisa ugani wa kata au mwenye kitalu wa karibu anaweza kuifanya kazi hiyo asubuhi moja. Vikishika vyote viwili, kinachokua vizuri kinabaki na kingine kinaondolewa mwaka unaofuata. Utepe ukatwe mara tu kiungo kinapokuwa kigumu, na kila kinachochipua chini yake kivuliwe kwa dole gumba kabla hakijafika urefu wa kidole.